Nani Alimuuliza Mgonjwa?

Neno "uhuru" tumezoea kulisikia kwenye bendera na kwenye Mwenge. Leo nalileta kitandani kwa mgonjwa. Je, mtu anayeumwa ana uhuru gani juu ya mwili wake mwenyewe?

Tukumbuke mwaka 2011. Kule Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, maarufu kama Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha, na kwamba inatibu kisukari, saratani, hata UKIMWI. Arusha ikatikisika. Magari yakapita Mto wa Mbu yakitimua vumbi, foleni ikawa ya kilomita na kilomita. Mawaziri walikunywa, makabwela walikunywa. Wapo wagonjwa waliotolewa hospitalini na ndugu zao, na wapo waliokata roho kwenye foleni ile.

Kijiweni, kikombe kikitajwa, mabishano huwa mawili tu. Mmoja atasema, "Watu walidanganyika." Mwingine atajibu, "Acha bwana, kila mtu alijiamulia. Mfa maji haachi kutapatapa." Mimi naona wote wawili wameruka swali. Yule aliyelazwa kiti cha nyuma cha gari, hata kukaa hawezi, nani alimuuliza?

Kwetu huku chini ya Meru, ugonjwa ni wa ukoo. Daktari humwita mjomba kando, wananong'ona, kisha mjomba anarudi akitabasamu: "Utapona tu." Kikao kinakaa, nauli inachangwa, uamuzi unapitishwa. Mwenye mwili ndiye wa mwisho kujua. Sisemi ukoo ni mbaya. Usiku wa manane anayekubeba ni ndugu, si sheria. Lakini kubeba ni jambo moja, kuamua ni jambo jingine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tena kuulizwa peke yake hakutoshi. Aliyeacha dawa za kupunguza makali ya UKIMWI baada ya kikombe, akiamini amepona, alichagua kwa hiari yake, ni kweli. Ila alichagua gizani, kwani haijathibitishwa kitaalamu kwamba kikombe kile kinaponya UKIMWI. Anayeujua ukweli akanyamaza, kisha akajitetea eti "niliheshimu uamuzi wake," huyo hakuheshimu kitu. Alinawa mikono tu. Hiari bila ukweli ni kumwachia kipofu njia panda.

Babu alifariki mwaka 2021, na foleni ilikwisha zamani. Swali halijaisha. Kijana mwenzangu, siku mama atakapougua, changa nauli, mbebe. Ila kabla hujawasha gari, inama umwambie: "Mama, daktari kasema hivi na hivi. Wewe wataka nini?"

Na akisema hataki kwenda, je, utakuwa na ubavu wa kuacha safari?