Wanne Waliomchukua Mgonjwa



Yule mwenye kupooza wa Kafarnaumu hakufika kwa Yesu kwa miguu yake. Watu wanne walimchukua, wakatoboa paa, wakamshusha na kitanda chake. Na Yesu akaitazama imani ya hao waliomchukua. Mtu aliyefungwa na kasiksi au lotoko ni vivyo hivyo. Ameahidi mara nyingi kuacha, na kesho yake amerudi. Tusiseme hana nia. Amekosa wa kumchukua.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, walevi wawili, mmoja wao daktari, walianza kusaidiana wasinywe. Ndio mwanzo wa chama cha Alcoholics Anonymous, kilichoenea duniani. Sharti lake ni moja: kutaka kuacha pombe. Hakuna ada. Kila mtu husimulia habari zake mwenyewe, na yaliyosemwa hayatoki nje. Hujizuia leo tu. Na kesho ikifika, hujizuia tena.

Wewe uliye Oicha, mwulize padri, katekista au muuguzi kama kikundi cha namna hiyo kipo karibu. Kama hakipo, wawili au watatu wa shirika lenu waweza kuanza. Lakini anywaye sana kila siku amwone muuguzi kwanza, kwa maana kuacha ghafula kwaweza kuleta matetemeko na kifafa.

Utasema: Naona haya, jirani wataniona. Wamekwisha kukuona ukianguka njiani. Sasa wakuone ukiinuka. Nasi tusimcheke mwenzetu, bali tushike pembe moja ya kitanda chake.