Je, Kuweka Kuni za Miaka Mingi ni Kosa?

Katika nchi ya Norwei baridi yaweza kuua mtu. Basi watu hupasua kuni na kuzipanga penye jua na upepo, mwaka mmoja au miwili kabla ya kuziwasha. Kwani mti mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji: hutoa moshi mwingi na joto haba.

Je, huko ni kukosa kumtumaini Mungu? Sivyo. Yosefu aliweka nafaka miaka saba huko Misri, akaokoa wengi. Lakini tajiri wa Evanjili ya Luka alijiwekea mwenyewe tu, Mungu akamwita mpumbavu.

Basi akiba si dhambi. Dhambi ni kufunga mlango jirani akitetemeka. Mwenye lundo la kuni na ajiulize: nani ataota moto huu?