Kidole Gumba cha Mama



Ndugu zangu katika imani, mimi ni wa kwanza katika ukoo wetu wa Bugarama, Rusizi, kuingia chuo kikuu. Babu hakusoma: enzi za Wabelgiji shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazee wetu walihofia watoto wao wasije wakabatizwa. Mama analima mpunga. Hajui kuandika jina lake.

Fomu ya chuo ilipotaka saini ya mzazi, nilimsainia mwenyewe. Niliona haya karani asije akaona alama ya kidole gumba. Jioni mama alirudi shambani, akanawa tope mikononi, akaniuliza, "Mwanangu, ile fomu iko wapi?" Nilikosa jibu.

Suratul Alaq inaanza kwa amri ya kusoma, na Mtume wetu (s.a.w.) aliyeteremshiwa hakuwa anajua kusoma wala kuandika. Basi kutosoma kwa mama si aibu. Aibu ni elimu inayomfanya mtoto amfiche mzazi wake. Hicho ni kiburi, na kiburi ndicho kilichomponza Ibilisi.

Nimemwomba mama radhi. Likizo hii, inshallah, nampelekea daftari, tuanze na jina lake. Nawe, kwenu nani anakungoja?

Wabillahi tawfiq.