Ukitoka Kibandani, Hofu Unaipeleka kwa Nani?

Sisi vijana tunaopenda picha za kutisha huulizwa swali moja na wazazi wetu: mnapata faida gani kulipa hela ili mtishwe? Ni swali zuri, lakini si gumu. Hofu ya kwenye picha ni hofu yenye mlango. Ukizidiwa unafumba macho, ukishindwa kabisa unatoka nje. Swali gumu ni lile linalokuja baadaye, taa ikishawaka na watu wakaanza kutawanyika kurudi makwao gizani, kwenye njia za katikati ya mihogo na michungwa. Hofu tuliyotoka nayo kibanda umiza tunaipeleka wapi? Au niseme wazi zaidi: tunampelekea nani?

Hapa Nansio, na Kanda ya Ziwa kwa jumla, swali hili si la mchezo. Mtu wa Paris akimwona mchawi kwenye sinema atalala na taa inawaka, asubuhi ataamka aende kazini, basi. Kwetu mchawi hakai kwenye sinema tu. Kwa miaka mingi akina bibi wa Usukumani wamekatwa mapanga kwa sababu eti macho yao ni mekundu, ilhali kila mtu anajua kwamba macho hayo yameharibiwa na moshi wa kuni na samadi, katika kuwapikia watoto na wajukuu. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu za miaka ya 2010 zilihesabu mamia ya watu waliouawa kwa mwaka kwa tuhuma za uchawi. Halafu, katikati ya miaka ya 2000, likaja wimbi la kuwawinda ndugu zetu wenye ualbino kwa ajili ya viungo vyao. Kufikia mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikuwa umehesabu zaidi ya watu 70 waliouawa nchini tangu mwaka 2000. Januari ya mwaka huohuo serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli.

Sasa, katika nchi yenye habari kama hizi, je, ni halali kwa mtu mwenye akili zake kutafuta picha za mizimu na wachawi ili ajifurahishe?

Kuna majibu mawili ya haraka. Wazee wengi watasema picha hizo zipigwe marufuku, maana zinawafundisha watu ushirikina. Vijana nao watajibu: acheni hizo bwana, picha ni picha tu. Mimi naona majibu yote mawili yamekimbia swali.

Tuanze na la wazee. Mauaji ya vikongwe hayakusubiri video. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sungusungu walipoanza kule Shinyanga na Tabora kupambana na wezi wa ng'ombe, akina mama wazee walishaanza kuonja joto ya jiwe kwa kutajwa kuwa wachawi. Wakati huo vijiji vile havikuwa hata na umeme, sembuse deki. Tena bibi zetu wenyewe ndio waliotulea kwa hadithi za mazimwi yanayokula watu, na hatukutoka hapo tukamkata mtu. Kuogopa pamoja ni shule ya zamani. Tukiifunga, hofu haitaondoka. Itabaki bila mahali pa kuzungumziwa.

Lakini jibu la vijana nalo halitoshi. Picha ya kutisha haiishii kukwambia "ogopa". Inakwambia na cha kuogopa kina sura gani, kinakaa wapi, kinatembea saa ngapi. Inanyoosha kidole. Na kidole kikishanyooshwa, hakirudi mfukoni kwa sababu tu mkanda umekwisha.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: picha ya kutisha isipimwe kwa wingi wa damu wala kwa ushirikina uliomo. Ipimwe kwa kidole chake. Kinamwelekea nani?

Hebu tuangalie picha zetu wenyewe kwanza. Mussa Banzi ni miongoni mwa waliofungua njia ya picha za kutisha za Kiswahili, enzi za kanda za VHS, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Alitengeneza Nsyuka, jina lililotoka kwenye neno la Kinyakyusa la mfu aliyerudi, na mwaka 2005 akatoa Shumileta, kisa cha jini la kike. Picha hizi leo ni za kutafuta kwa tochi, na zinastahili kutafutwa. Ukizitazama kwa macho ya leo utacheka baadhi ya maajabu yake, lakini usizidharau. Zilithubutu kusema kwamba hofu zetu, kwa lugha yetu, zinafaa kuwekwa kwenye kioo kama zilivyowekwa za Wazungu. Na kuna jambo jingine. Jini halina anwani. Hakuna mtu aliyetoka kutazama Shumileta akachukua panga kwenda kumsaka jini nyumba ya tatu kutoka kwake. Mchawi ndiye mwenye anwani.

Hapo mtu angeweza kusema: basi, tumalize ubishi. Majini na mizuka ruksa, wachawi marufuku. Ingekuwa rahisi hivyo ningefurahi. Lakini mwaka 1995 popobawa alizua taharuki Pemba na Unguja. Huyo hana mwili, hana ukoo, hana kijiji. Hata hivyo, katika taharuki hiyo mtu mmoja mgonjwa wa akili, mgeni aliyetoka bara, aliuawa na kundi la watu mjini Zanzibar kwa kudhaniwa kuwa ndiye popobawa. Tazama mambo hayo! Kitu kisicho na mwili kilitafutiwa mwili, na mwili uliopatikana ni wa mtu asiye na wa kumtetea. Kwa hiyo aina ya dubwana si hoja. Hofu ya kundi ikikosa mwenyewe, humtafuta mnyonge.

Nadhani hili aliliona vizuri George Romero, Mmarekani aliyetengeneza Night of the Living Dead mwaka 1968, yaani Usiku wa Wafu Walio Hai. Ni picha nyeusi na nyeupe, ya hela kidogo, na wasambazaji wake walisahau kuweka alama ya hakimiliki, ndiyo maana hata leo inanakiliwa bure bila kesi. Wafu wanafufuka na kula watu; wachache wamejifungia kwenye nyumba ya shamba. Stelingi ni mtu mweusi, Ben, aliyechezwa na Duane Jones. Sisi wote tumekua na sheria moja ya kibandani: stelingi hafi. Ben anapambana usiku kucha na kunapambazuka mzima. Kisha linakuja kundi la raia wenye bunduki na mbwa, sungusungu wa kwao, likisafisha eneo. Wanamwona dirishani kwa mbali. Hawaulizi. Wanampiga risasi ya kichwa, halafu maiti yake inachomwa pamoja na wale wafu. Ukitoka hapo humwogopi mzuka tena. Unaliogopa kundi lenye uhakika.

Lakini sikiliza jambo la pili kuhusu picha hiyohiyo. Nchi hii ina wafasiri wa picha, watu kama Lufufu na DJ Mark, waliojipatia jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti yake. Ni wasanii hao, tuwape heshima yao. Sasa chukua mfasiri yeyote umpe picha ya Romero. Zombi atamwitaje? Neno lililo karibu ni msukule. Akilitumia hilo, kisa kizima kimegeuka. Zombi wa Romero hana mwenyewe. Amefufuka tu, na hakuna wa kulaumiwa kijijini. Msukule ana mwenyewe. Amechukuliwa na mchawi, anamlimia shamba usiku, na mchawi huyo ni jirani. Neno moja linatosha kukitoa kidole kwa kundi na kukirudisha kwa bibi mwenye macho mekundu. Kwa hiyo wajibu hauko kwa mtengenezaji peke yake. Anayesimulia naye ana mzigo wake, na tunaoandika tumo humohumo.

Picha nyingine ya kutafuta ni Häxan ya mwaka 1922, ya Mdenishi Benjamin Christensen. Ni ya kimya, kwa hiyo hata kibanda kisicho na spika kizuri kinaweza kuionyesha. Ndani yake mna mashetani, wanawake wanaopaa angani, masufuria ya wachawi, na shetani mkuu akichezwa na Christensen mwenyewe. Ukiishia hapo utasema ni ushirikina mtupu. Lakini moyo wa picha ni kisa cha kikongwe anayeitwa Maria, ombaomba na mfumaji, anayetajwa kuwa mchawi kwa sababu mtu mmoja ameugua. Wanamtesa mpaka akiri. Akishakiri wanataka majina zaidi, naye anataja wanawake wa nyumba ileile iliyomshtaki, mmoja baada ya mwingine. Picha hii ina miaka zaidi ya 100 na inaonekana kama imeandikwa kwa ajili ya Usukumani.

Jirani zetu wa Zambia nao wana yao. Rungano Nyoni, mzaliwa wa Lusaka, mwaka 2017 alitoa I Am Not a Witch, yaani Mimi si Mchawi. Mtoto wa kike anatajwa mchawi, anafungwa utepe mrefu mweupe mgongoni ili asiruke, na ofisa wa serikali anamgeuza mradi wa kujipatia hela. Unacheka, kisha unajiuliza ulikuwa unacheka nini.

Na kwa habari ya ualbino, itafute White Shadow ya Noaz Deshe, iliyopigwa hapahapa Tanzania na kupewa tuzo ya filamu bora ya kwanza ya mtengenezaji kwenye tamasha la Venice mwaka 2013. Ina giza na mbio za kutosha. Tofauti ni kwamba wewe mtazamaji unakimbia pamoja na kijana anayewindwa. Ukitaka ya kweli tupu, iko In the Shadow of the Sun ya Harry Freeland, ya mwaka 2012, inayomfuata mwanaharakati Josephat Torner na kijana mmoja wa kisiwa hikihiki cha Ukerewe. Hiyo si ya kutisha kwa maana ya kibandani. Lakini ukishaiona, mwenye ualbino hatakuwa tena "kitu" cha kuhadithiwa. Atakuwa na jina, na anataka kusoma shule.

Nisije nikaonekana nasifu tu. Hata picha yenye nia njema inaweza kupiga ramli. Wengi wanaikumbuka Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyopigwa Mwanza na kutoka mwaka 2004. Ni picha ya habari za kweli, lakini inakwenda kwa mwendo wa picha ya kutisha: sangara aliyepandikizwa ziwani anameza kila kitu, ndege zinatua, watu wanaanika mapanki. Umaskini ule haukuwa wa kubuni, na aliyekasirika kwa sababu tu umeonyeshwa mimi simwungi mkono. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani, mwaka uleule ilipokuwa ikiwania Oscar. Ninachoona mimi ni kingine. Tuhuma kwamba ndege zinazobeba minofu huleta silaha inanong'onwa kwa picha na kimya. Silaha zikiteremshwa Mwanza hatuzioni. Mtazamaji wa Ulaya anaachiwa amalizie mwenyewe kwa hofu yake. Na ramli ndivyo inavyofanya kazi: mganga hakutajii jirani yako, anakupa nusu ya jambo, nusu ya pili unaijaza wewe.

Ndugu mwandishi mwenzangu, wengi wetu tunaandika kwenye daftari riwaya zenye mizimu. Tusiache. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Namagondo hapahapa Ukerewe, aliyefariki mwaka 2020, alituachia Rosa Mistika ya mwaka 1971. Humo anayetisha ni baba mlevi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ni kitabu kilichowahi kuzuiwa mashuleni, labda kwa sababu kidole chake kilituelekea sisi. Hivyo basi, kabla hujampa mchawi wako sura ya kikongwe mwenye macho mekundu, jiulize: msomaji wa Bukindo au wa Magu akifunga kitabu usiku, akatoka nje na kumkuta bibi wa jirani anachochea moto, atamwamkia, au atampita mbali?

Kama umeandika vizuri, atamwamkia.