Laana ya Ukoo, ao Udongo wa Mlima?

Katika familia nyingi za Kivu, shida ikipita kiasi, watu wanaanza kutafuta laana. Mtoto anashindwa masomo, binti anakosa bwana, shamba halitoi tena: basi wazee wanasema kuko jambo ambalo babu alifanya na halijamalizika. Zamani walienda kwa mganga. Leo wengi wanaenda kwa mchungaji, avunje laana za ukoo kwa maombi na kufunga. Njia imebadilika, wazo ni lile lile: matendo ya waliotutangulia yanatushika miguu.

Wazo hilo si la kuchekwa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 20, kinasema wazi kwamba kosa la baba linafuata vizazi. Lakini Ezekieli, aliyekuwa uhamishoni Babeli pamoja na Wayahudi waliolalamika kwamba wanalipa deni la baba zao, aliikataa ile mithali yao ya zabibu chungu. Kwake, katika sura ya 18, kila mtu anajibu kwa matendo yake mwenyewe. Wengine wanaona hapo Biblia inajipinga. Mimi nafikiri inafaa tutenganishe hatia na matokeo. Hatia hairithiwi. Matokeo yanarithiwa kabisa, na hayavunjwi kwa kelele ya maombi.

Tuangalie Kalehe. Siku ya Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha, mito ikafurika, matope na mawe yakashukia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, kando ya ziwa Kivu. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Katika msiba wa namna hii hawakosi wa kusema kwamba Mungu amewaazibu. Inafaa hao wasome Luka, sura ya 13: Yesu mwenyewe alikumbusha wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kusema kwamba walikuwa na zambi kuliko wengine wa Yerusalemu.

Sasa kama si azabu, ni nini? Mvua ilitoka juu, ni kweli, na miteremko ya pale ni mikali tangu uumbaji. Lakini miti iliyoshika udongo ilikatwa mwaka kwa mwaka, kwa ajili ya mashamba, mbao na makala. Tena kuko habari ya zamani zaidi. Wakati wa Wabelgiji, watu wa milima ya Kivu walilazimishwa kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Uhuru ulipofika mwaka 1960, fasi nyingi waliiacha, sababu mtaro ulikuwa na harufu ya fimbo. Nani atawahukumu? Walikuwa wanakataa utumwa, na walikuwa na haki. Udongo haukujali haki yao. Kazi nzuri iliyoletwa kwa njia mbaya ilitupwa pamoja na njia ile, na wajukuu ndio wanaolala chini ya mteremko.

Desturi yetu haikuwa kipofu kwa jambo hili. Kwa Bashi, mtu alitoa kalinzi, mara nyingi ng'ombe, kwa mwami ao kwa mkubwa wa kilima, akapata haki ya kutumia shamba. Haki ile ilipita kwa watoto wake. Sitaki kuipamba: asiye na ng'ombe alibaki akilima kwa kuomba kwa wengine. Lakini aliyetoa kalinzi alijua kwamba anapokea kitu kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa, na alipanda migomba yake kwa kuwafikiria.

Ugumu wenyewe uko hapa, na sisi walimu tunauona karibu. Mama anayekata mti na kuchoma makala hafanyi hivyo kwa uvivu. Gunia lile linapanda mtumbwi kwenda Goma ao Bukavu, na pesa yake inarudi kama minervali ya mtoto. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini sekondari mzazi bado analipa, na katika pesa ile mwalimu pia anapata sabuni. Kwa hiyo mama anajenga kesho ya mtoto mmoja kwa kula kesho ya kilima kizima. Kumhubiria Wagalatia sura ya 6, habari ya kupanda na kuvuna, na kukaa hapo tu, ni kumwonea. Yeye anapanda, tena kwa jasho. Lakini mavuno mawili yanatoka katika kazi moja.

Ninaona Zakayo anatusaidia zaidi. Toba yake haikuishia katika machozi. Alihesabu alichochukua akaahidi kukirudisha mara nne. Toba ya kilima nayo ina hesabu yake: mitaro, majani ya kushika udongo, miti ambayo haitakatwa kabla ya miaka mingi. Kanisa linaloweza kukusanya watu usiku mzima kwa kuvunja laana linaweza kuwakusanya asubuhi moja na majembe. Swali gumu linabaki lingine: mtaro unachimbwa katika shamba la mtu wa juu, unakula sehemu ya mihogo yake, na anayeokoka ni mtu wa chini, ambaye pengine si wa kabila lake wala wa kanisa lake. Huyu wa juu atapewa nini, na nani atampa?