Mwenge Juu ya Mlima

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimama juu ya Kilimanjaro, mlima wenye kimo cha mita 5,895, akasimika huko bendera ya Tanganyika na mwenge wa Uhuru. Aliaga dunia mwaka 2008. Je, tumkumbuke kwa nguvu za miguu yake tu?

La, hasha. Tangu mwaka 1959 Mwalimu Julius Nyerere alikwisha kueleza maana ya nuru ile: imulike hata nje ya mipaka yetu, iwape matumaini waliokata tamaa.

Mpanda mlima hakai kileleni, huteremka. Nayo taa ya mlimani yafaa nini, ikiwa watu wa bondeni wamefunga milango? Sisi wa Morogoro tunao ushahidi karibu. Hapa Dakawa, katika tambarare ya mto Wami, wakimbizi wa Afrika Kusini walipewa ardhi, wakajenga makazi na kufundishana ufundi, hata makao yao yakakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1992. Waliowapokea hawakupanda Kibo, lakini waliushika mwenge uleule.

Bwana Wetu Yesu Kristu alitufundisha kwamba taa haifichwi, bali huwekwa juu ili iwaangazie wote nyumbani. Basi mgeni akipiga hodi leo, tumfungulie kwanza, maswali yaje baadaye. Tumwombee marehemu rehema ya Mungu, nasi tusiuzime moto alioupandisha.