Desturi ya Kusoma Neno la Mungu

Liko swali ambalo waalimu wa sharika huulizwa, nalo si swali la mtu mjinga. Wako wasemao hivi: Twafundishwa ya kuwa mtu huhesabiwa haki kwa imani, wala si kwa matendo. Basi mbona twawekewa saa ya kusoma Maandiko kila siku, kana kwamba ni sheria? Si heri kusoma siku moyo upendapo, kuliko kusoma kwa mazoea, macho yakipita juu ya herufi na moyo umelala? Huo si unafiki?

Swali hili lina kweli ndani yake. Mtu ahesabuye sura alizozisoma, kama mdeni ahesabuye fedha za kumlipa anayemdai, hajamjua Mungu wa neema. Walakini haifuati ya kuwa desturi yenyewe ni mbaya. Na tuwatazame wakulima wa Nachingwea na Ruangwa. Bibo likiiva huanguka lenyewe pamoja na korosho yake, na mkulima huiokota chini. Lakini mkulima mwenye akili, kabla ya msimu, hufyeka majani na kufagia chini ya mikorosho. Kufyeka hakuzai hata korosho moja. Ila asiyefyeka, korosho zake huanguka katika nyasi, naye hazioni. Huoza pale pale, au moto wa kiangazi huziteketeza.

Desturi ya kusoma ndiyo kufyeka huko. Neno ni kipawa cha Mungu, naye hulitia moyoni saa aipendayo yeye. Sisi hatulizai, twasafisha mahali pa kulipokea.

Na habari ya unafiki, tupambanue. Mnafiki ni yule atakaye kuonekana na watu. Bali mtu asomaye moyo wake ukiwa mkavu, akamwambia Mungu ya kuwa ni mkavu, huyo si mnafiki, huyo ameomba. Tena siku ambazo moyo haupendi kusoma ndizo siku unapohitaji zaidi. Msiba ukiingia nyumbani, na mvua imeharibu njia hata mwinjilisti hawezi kufika upesi, mtu hulishika neno lile alilokwisha kuliweka akiba.

Martin Luther, aliyeihubiri neema kwa nguvu, hakuiogopa desturi. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 aliweka sala za asubuhi na za jioni, akamwagiza baba mwenye nyumba awafundishe watu wake.

Tukumbuke pia jinsi kitabu hiki kilivyotufikia. Edward Steere, askofu wa misheni ya Kiingereza, aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Lindi mpaka Masasi, jirani ya Nachingwea, mwaka 1876. Ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kufasiri Maandiko kwa Kiswahili, akafa mwaka 1882. Biblia nzima ilipigwa chapa mwaka 1891, wala yeye hakuiona. Mwaka 1937 ikatoka Biblia ya Karl Roehl, iliyosomwa na Walutheri wengi. Watu walitumia miaka ya maisha yao ili sisi tufungue na kusoma. Je, kitabu hicho kikae sandukuni mpaka Jumapili?

Basi shauri letu ni dogo. Chagueni saa moja isiyobadilika, kama kabla ya kwenda shamba, au baada ya chakula cha jioni. Anzeni na Injili ya Marko, mistari michache tu. Ikiwa nyumbani ajuaye kusoma ni mmoja, hata akiwa mtoto wa shule, asome kwa sauti, ili bibi asiyejua herufi naye apate fungu lake. Na siku moja ikipita bila kusoma, msiilipe kesho yake kwa kusoma mara mbili, maana si deni. Someni ya siku ile, mkashukuru.